Makopo Mawili ya Baba na Ubao wa Taa

Siku ya tatu ya matanga ya baba, mtani wetu mmoja, mama mnene wa kutoka upande wa Masasi, alivaa kofia ya marehemu, akajifunga msuli kiunoni, akashika kopo tupu la maziwa na kuanza kutumbukiza vijiwe huku akiigiza sauti ya baba. "Moja. Mbili. Nne. Mbili tena. Kumi na tisa!" Akakuna kichwa, akamwaga vijiwe chini, akaanza upya. Wanawake waliokaa mkekani walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Ndiyo kazi ya watani msibani, kuwakumbusha wafiwa kwamba marehemu alikuwa mtu, na kila mtu ana vituko vyake. Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi nami nilicheka. Nikafungua pindo la kanga, nikamtunza yule mtani kama desturi inavyotaka, naye akaniambia baba yangu alikuwa mtu mwema, ila hesabu tu ndiyo iliyomshinda.

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya jiko, mtu mzima mwenye watoto wanaonizidi kimo, nikiona haya kama nimekamatwa na kitu cha watu mkononi. Baba hakushindwa na hesabu hata siku moja. Katika wote niliopata kuwajua hakuna aliyehesabu kwa uangalifu kama yeye. Mimi ndiye niliyemfanya aonekane hajui kuhesabu, mimi na kidole changu hiki, halafu nikanyamaza. Nilinyamaza nikiwa mtoto, nikanyamaza nikiwa mke wa mtu, na yeye akaenda zake bila kusikia neno kutoka kinywani mwangu.

Kwetu ni kijiji kilicho ukingoni kabisa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Newala mjini. Ukisimama nyuma ya shule unaliona bonde lote la Ruvuma limelala chini, maji yanametameta kule mbali, nanyi mko huku juu mnanawa uso watu watatu kwa kikombe kimoja. Mvua zikiwepo tulikinga ya bati. Zikikatika, mama na wenzake walishuka genge alfajiri hadi kwenye chemchemi, wakapanda tena na ndoo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Mama alikuwa na kidonda cha goti kisichopona kwa sababu ya njia ile. Nayasema haya si kwa kujitetea, ila ujue ndoo moja ya maji ilikuwa na uzito gani kwetu.

Baba, ambaye kijiji kizima kilimwita Baba Somoe kwa jina la dada yangu mkubwa, alikuwa mpimaji wa korosho kwenye ghala la chama cha ushirika. Zilipokuja enzi za ruksa, wanunuzi binafsi walifika na malori yao na mizani yao, ghala likafungwa, na baba akarudi nyumbani na kalamu yake sikioni. Hakulalamika. Alirudi kulima kama wengine. Kilichombakia katika ile heshima ya zamani ni kimoja tu, kuhesabu mabao uwanjani.

Alikuwa na namna yake. Alikaa kwenye kigoda pembeni mwa uwanja, kopo moja la maziwa mguu wa kulia, jingine mguu wa kushoto, na mfuko wa shati umejaa korosho ghafi. Bao likiingia, anatumbukiza korosho moja kwenye kopo la timu iliyofunga, unasikia *ko*. Hakuandika kitu. Alisema anayeandika huinamisha macho, na akiinamisha macho bao linampita. Robo ikiisha anamwaga makopo mkekani, anazipanga korosho tano tano, refa anakuja kusoma mwenyewe. Mechi za netiboli zilikuwa na mabao mengi na kelele nyingi zaidi, lakini sijawahi kusikia mtu akibishana na makopo ya baba.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la saba. Mnunuzi mmoja wa korosho kutoka Dar es Salaam, tuliyemwita Tajiri kwa sababu jina lake lilikuwa refu, alitangaza mashindano ya netiboli ya vijiji. Zawadi haikuwa kikombe. Ilikuwa tangi jeusi la plastiki, refu kuliko mlango, pamoja na mabomba ya kukinga maji ya paa la shule, na lori lingelileta likiwa limejaa. Sisi tuliingia fainali na kijiji cha Chiwata. Somoe ndiye aliyekuwa mfungaji wetu. Wiki ile nzima mama alimkataza kubeba ndoo ili asije akateguka mkono.

Wiki hiyohiyo Tajiri alileta ubao wa taa.

Ulishushwa kwenye lori na wanaume sita. Lilikuwa bati jeusi pana kama mlango uliolazwa, limejaa balbu ndogondogo zilizopangwa kwa namna ya tarakimu, na ubavuni limeandikwa kwa rangi mpya jina la kampuni. Tajiri alikuwa ameupata kwenye klabu moja ya mjini iliyokuwa ikiuza vitu vyake vikuukuu, klabu ya watu wanaocheza kriketi. Hapakuwa na mtu kijijini aliyejua kriketi ni nini. Ubao ulikuja na karatasi za maelezo kwa Kiingereza, na Hamza, karani wa Tajiri, kijana mwembamba aliyevaa suruali ya pasi hata kwenye vumbi letu, aliuliza shuleni nani anaweza kumsaidia kusoma. Mwalimu akanisukuma mbele.

Kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na picha ya mtu mwenye nguo nyeupe ameshika ubao bapa kwa mikono miwili. Nikamwambia Hamza huu ni mchezo wa kusonga ugali. Alicheka mpaka akakaa chini na suruali yake ileile. Tangu hapo akawa ananiita fundi. Kwa miaka yangu yote kumi na mitatu nilikuwa nimeitwa mdogo wake Somoe, kwa hiyo unaweza kukisia lile neno fundi lilivyoniingia.

Tulifanya mazoezi siku mbili. Ubao uliinuliwa juu ya nguzo mbili za mkorosho upande wa magharibi, ukaunganishwa na betri ya lori. Mimi nilisimama upande wa pili wa uwanja na rimoti, dude zito la kutosha kuzuilia mlango, lenye vitufe na antena ya kuvuta. Hamza alinifundisha hatua kwa hatua, nami nazikumbuka kama dua. Kwanza unawasha ubao, halafu rimoti, kamwe usianze na rimoti. Ndani ya vifuniko vyao kuna vigurudumu vidogo vya namba, na viwili hivyo lazima visome sawa, vinginevyo havisikilizani. Antena unaivuta yote hadi mwisho. Kisha unaweka nane kila mahali, kwa kuwa nane inawasha balbu zote na utaona zipi zimekufa. Zilikufa mbili, Hamza akazibadilisha kwa balbu za upande usio na kazi. Katikati palikuwa na dirisha la tarakimu moja ambalo wenyewe wa kriketi walijua kazi yake, sisi tukalifanya la kuonyesha robo ya mchezo. Baada ya hapo unarudisha sifuri, unaanza.

"Bao likiingia, bonyeza mara moja tu," alisema Hamza. "Mara moja, halafu subiri. Ubao unachelewa kidogo. Meza mate mara mbili, utaona namba imebadilika. Ukikosea, shika hiki cha njano, bonyeza cha timu, bao moja linatoka. Umeelewa, fundi?"

"Nimeelewa, kaka Hamza. Sasa hiyo namba inapita wapi mpaka ifike kule?"

"Hewani."

Hilo ndilo sikulielewa, nami sikumwambia. Niliona akilini mwangu namba ikiruka kutoka kwenye antena usawa wa kifua cha mtu, kama bibo lililorushwa, na nikajua kwa yakini kwamba mtu akikatiza katikati itamgonga na kuanguka. Katika mazoezi nilimfukuza mbuzi wa mwalimu asipite mbele yangu. Hamza alidhani nachezacheza. Mimi nililinda njia ya namba.

Jioni ya pili baba alikuja kuangalia. Nilimwekea nane zote. Akasimama na mikono nyuma, mwanga wa balbu usoni.

"Zinang'aa," alisema. Kisha akauliza, "Sasa anayefunga, huu ubao unamwona?"

"Hapana, baba. Namwona mimi."

"Basi anayehesabu ni wewe."

"Hapana, unahesabu ubao."

"Haya," alisema baba.

Nilikereka. Nilimwona mshamba, na kalamu yake sikioni isiyo na kazi. Nikafikiria fainali, Tajiri kwenye kiti chake, watu kutoka Newala mjini, na baba yangu katikati yao na makopo ya maziwa. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamwambia, "Baba, kesho usije na makopo. Watu watatucheka." Alitembea, halafu akasema kwamba hatakaa pale pa siku zote, atakaa mbali. Hadi leo, nikiisikia sauti yangu ikisema yale maneno, natamani nizibe masikio.

Siku ya fainali uwanja ulijaa. Kulikuwa na wauza ming'oko, wauza miwa, wanaume walioanza kunywa uraka, pombe ya mabibo, tangu asubuhi. Chiwata walifika kwa lori wakiimba, nahodha wao akiwa binti mrefu mweusi jina lake Esta, ambaye kabla hajagusa mpira alizunguka kuwaamkia wazee wetu mmoja mmoja. Nilipoweka zile nane, watu walipiga kelele kama bao limeshaingia. Tajiri akapiga makofi. Hamza akaniambia kwa sauti ya chini, "Macho ubaoni, fundi." Nilimtafuta baba kwa jicho. Alikuwa kule mwisho, nyuma ya goli la Chiwata, kwenye kigoda chake, na makopo yake ameyaficha nusu chini ya koti.

Robo ya pili nilikosea mara moja. Watoto walikatiza mbele yangu nilipokuwa nimebonyeza, nikaona namba imewagonga, nikabonyeza tena, na ubao ukaruka mabao mawili. Nikashika cha njano, nikabonyeza, moja likatoka. Hakuna aliyejali. Nimelitaja hili ili nisiseme sikujua. Nilijua, na njia ya kurekebisha nilikuwa nayo kidoleni.

Robo ya tatu Somoe alifunga bao la kumi na nane, bao zuri, la mbali, mpira ulizunguka ukingoni mwa goli kabla haujaamua kuzama. Wanawake wetu waliingia uwanjani wote kwa mkupuo na vigelegele, mama mbele akichechemea na goti lake, wakakatiza mbele yangu wakicheza. Nilikuwa nimeshabonyeza. Nikaona kanga na mikono na vichwa, nikasema moyoni, imeangukia humo humo miguuni mwao. Nikabonyeza tena. Walipopisha, ubao ulisoma kumi na tisa.

"Kumi na tisa! Kumi na tisa!" uwanja ulipokea. Mtu akaanza wimbo hapohapo.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha njano. Niliangalia mwisho wa uwanja. Baba alikuwa amesimama. Alinyoosha kidole kimoja juu, akakiinamisha kuelekea kwenye kopo, taratibu, kama anavyomwonyesha mtoto jiwe la njiani. Nilimwona vizuri sana. Nami nikageuza uso.

Nilijiambia nitatoa wakitulia. Hawakutulia. Chiwata wakafunga, nikabonyeza mara moja, nikasubiri, ikabadilika. Tukafunga sisi, nikabonyeza mara moja. Kila bao lililopita liliifanya ile moja kuwa ngumu zaidi kuitoa, kwani watu walikuwa wameshaishika vinywani, na Tajiri alikuwa anaitazama, na Hamza alikuwa ameniegemea begani akisema "safi, fundi, safi." Nilitaka kuendelea kuwa fundi. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Baadaye nilijaribu kujiaminisha kwamba nilifikiria goti la mama na tangi la maji, lakini wakati ule sikufikiria goti wala tangi. Nilifikiria nitakavyoonekana nikishusha namba mbele ya watu wote wale.

Filimbi ya mwisho ilipolia, ubao ulisoma ishirini na nne kwa ishirini na tatu. Tumeshinda. Somoe alibebwa juu. Katikati ya vumbi lile nikamwona baba anakuja, amevaa koti lake, kopo mkono huu na kopo mkono huu, anapita kati ya watu wanaocheza akiomba njia. Akatandika kitambaa chini mbele ya refa, akamwaga, akapanga tano tano. Kelele zilipungua zenyewe.

"Ishirini na tatu kwa ishirini na tatu," alisema baba. "Watoto hawajaachana. Warudi uwanjani, wacheze dakika za nyongeza. Sina jingine."

Refa, mwalimu wa kutoka mjini, aliangalia korosho, akaangalia ubao. Alikuwa ameuachia ubao kazi ya kuhesabu, kama alivyoambiwa. Mwenyekiti wa kijiji akaja mbio.

"Baba Somoe, wewe unahesabia kwetu au Chiwata?"

"Nahesabu mabao, mwenyekiti."

"Mashine hiyo unaiona? Imetoka Dar es Salaam!"

"Naiona."

Hamza naye akasogea, si kwa ubaya, kwa kujivunia chombo chake tu. "Mzee wangu, korosho inaweza kuanguka mfukoni. Mashine haina mjomba Newala wala Chiwata." Watu wakacheka. Tulikuwa watu wa ujombani, tunaofuata ukoo wa mama, kila mmoja ana mjomba wa kumpendelea, kwa hiyo utani ulifika. Tajiri akatikisa kichwa kwa kicheko, na hapo ikawa imekwisha.

Esta alikuja akapiga goti mbele ya baba. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Hata mimi nimehesabu hivyohivyo. Ishirini na tatu." Machozi yalikuwa yanamtiririka na vumbi. "Kwetu kisima kimekauka tangu mwezi uliopita."

Baba alimwinua. Mimi nilikuwa hatua nne tu kutoka pale, nimeshika rimoti kifuani, antena bado imesimama. Nilikuwa sijajua kwamba kule nako maji yanakatika. Nilikuwa nimedhani shida ya maji ni ya kwetu tu, kama jina la ukoo.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, na ubaya wake wote ulimwendea baba. Watoto walimwita Mzee Ishirini na Tatu. Penye kahawa wanaume walimwambia, "Baba Somoe, hebu tuhesabie vikombe." Wengine hawakutania, walisema wazi kwamba tangu ghala lifungwe akili yake imelegea, au kwamba Chiwata walimpa kitu. Somoe, ambaye alimpenda baba kuliko mimi nilivyompenda, alikataa kumwandalia chakula. "Alitaka tushindwe," alimwambia mama, baba akiwa anasikia. "Mimi mwanawe nafunga, yeye ananipunguzia." Mama alimwambia anyamaze, ila hakumwambia amekosea. Baba aliinuka, akanawa mikono kwa maji kidogo, akaenda shambani kabla ya kula.

Nilikuwa nasubiri anifuate. Kila nilipobaki naye peke yangu, tukipalilia au tukiokota korosho, nilijua sasa ataniuliza, na nilikuwa nimeamua kwamba akiniuliza nitasema. Hakuniuliza. Nikaanza kumkasirikia kwa kutoniuliza. Mtoto mwenye hatia ni kiumbe cha ajabu, anaweza kumchukia yule aliyekosewa naye kwa sababu tu yupo.

Chiwata waliandika barua. Wiki iliyofuata Hamza akaja na refa na wazee wawili wa Chiwata, tukakutana darasani mchana, mwenyekiti kwenye meza ya mwalimu, baba kwenye dawati dogo la wanafunzi, magoti yake yamepanda juu. Alikuwa amekuja na makopo yake. Midomo ya makopo ilikuwa imefungwa kwa kitambaa tangu siku ya mechi, hakuwa ameondoa korosho hata moja. Mimi nilisimamishwa mbele, karibu na ubao wa chaki.

Hamza alikuwa amebadilika kidogo. Hakuniita fundi. "Nimeijaribu ile rimoti tena," alisema. "Mtu akibonyeza mara mbili harakaharaka, ubao unakubali zote mbili. Sasa nakuuliza, mdogo wangu, wala usiogope. Siku ile, kuna bao ulilolibonyeza mara mbili?"

Wale wazee wa Chiwata walinitazama kwa upole, mmoja wao alikuwa hana meno, akitafuna midomo. Mlangoni wamejaa wanawake, mama yumo, Somoe yumo. Nilitaka kusema. Niseme tu ukweli, neno lilikuwa limefika kooni. Nikaiona aibu yenyewe ilivyo, imekaa mbele yangu kama mtu, na upande wake wa pili nikaona kichwa cha baba kimeinama kwenye lile dawati dogo, na nikachagua iwe yake.

"Hapana," nilisema. "Nilibonyeza mara moja moja, kama ulivyonifundisha."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mwenyekiti akamgeukia baba. "Umesikia, Baba Somoe. Unasemaje?"

Baba aliinua macho akanitazama. Nilikuwa nimeshamwona akitazama mizani ghalani, akisubiri itulie kabla hajasoma, na alinitazama hivyo. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakijua. Alikuwa ameketi mbali, lakini hakuwa ametazama goli tu. Alitazama kila kitu kinachohesabu, na mkono wangu ulikuwa mmojawapo. Alikuwa ameuona ukibonyeza na kubonyeza tena. Angesema neno moja, "nilimwona," kila aliyekuwemo mle angemwamini, maana hakuwahi kusema uongo. Siku zote zile, penye kahawa, mbele ya Somoe, neno lile alikuwa nalo mfukoni na hakulitoa.

"Kama yeye anasema mara moja," alisema baba, "basi nimekosea mimi."

Mzee wa Chiwata asiye na meno akasogea mbele. "Baba Somoe, sisi tunakufahamu tangu ghalani. Umekosea kweli?"

"Nimekosea. Nyie mtuwie radhi. Uzee umeanza kunifika."

Hakuwa mzee. Ndevu zake zilikuwa nyeusi. Akafungua kitambaa cha kopo la kwanza na la pili, akazimwaga korosho zote pamoja kwenye mfuko wa koti, zikachanganyika, akatoka. Wanawake wakampisha mlangoni. Wazee wa Chiwata walitia saini kwamba wameyakubali matokeo.

Baada ya hapo hakuhesabu tena mchezo wowote, na hakuna aliyemwomba. Watu waliacha kumsema vibaya. Kukiri kwake kuliwafurahisha, wakamrudishia upendo wao pamoja na lile jina la Ishirini na Tatu, ambalo sasa waliliita kwa mapenzi, na ndilo lililofika hadi msibani kwake. Somoe alimwomba radhi, naye baba akamsamehe papo hapo. Mimi nilitoka salama kabisa. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenishuku, na mpaka mwisho wa mwaka walimu walinitolea mfano.

Tangi lilikuja siku ya Jumamosi. Lilikuwa limejazwa huko chini Masasi, na lilipopita kwenye mashimo ya barabara tuliyasikia maji yakipiga ndani kabla hatujaliona lori. Wanawake walilipokea kwa ngoma. Mafundi walilisimamisha kwenye msingi wa mawe nyuma ya darasa letu, wakafunga mabomba ya paani, na mwenyekiti akafungua bomba mwenyewe. Maji yalitoka kwa nguvu, meupe, hayana tope. Mama alishika goti lake akalia hadharani.

Mwenyekiti alijaza kikombe cha kwanza, akakiinua juu, akatafuta kwa macho. "Apewe Baba Somoe!" alisema. "Atuhesabie mafunda!"

Kicheko kikapita uwanja mzima. Kikombe kikapitishwa mkono kwa mkono hadi alipokuwa amesimama baba, na mimi pembeni yake. Nilijua hatakinywa. Ghalani, baba hakuwa anatafuna hata korosho moja iliyodondoka sakafuni, kwa sababu ni ya watu. Nikaomba akatae. Akikataa, watamuuliza kwa nini, na kitu hiki kitakwisha, lolote na litokee.

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Akasema bismillahi, akanywa. Alikunywa taratibu, funda baada ya funda, watu wakihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kikombe kikasimama wima usoni kwake. Wakapiga makofi. Mtu mmoja karibu yetu akasema maskini, alikuwa na kiu. Mimi niliyekuwa ubavuni mwake niliona koo lake lilivyokuwa likikataa kila funda kabla halijapita.

Akaenda bombani, akakijaza tena kikombe, akarudi nacho bila kumwaga hata tone, akanipa.

"Kunywa na wewe, mwanangu," alisema. "Jua kali."

Nikanywa yote.